Romarini ya Magoti ya Mama

Nilikuja mjini Baraka, kwa mama, kwa wiki mbili tu. Magoti ya mama yalikuwa yamemkatalia. Kutoka kitandani hadi jikoni alishika ukuta, na kwaya ya bamama ilikuwa imeanza kuimba bila yeye. Mimi si mtu wa kuzungusha maneno. Siku ya kwanza nilimwambia: "Mama, siku utatembea mwenyewe mpaka kanisani, mi narudia kazi yangu Uvira."

"Ndiyo, mama," akanijibu kwa upole, kana kwamba mimi ndiye mzazi wake.

Masista wa parokia wamepanda romarini, yale majani membamba yenye harufu kali, kando ya bustani yao. Sista mmoja alinikatia matawi, akanieleza: chai yake hutuliza tumbo lenye gesi, mvuke wake hufungua pua, na ukiloweka majani kwenye mafuta ukasugua vizuri, viungo vilivyokaza vinalegea. Akanionya kwamba mwenye mimba asiyatumie kama dawa. Nikacheka, kwa mama hiyo si hatari tena!

Sasa, kwetu ukisema mafuta, mkono unakwenda wenyewe kwenye mawese. Nikaloweka humo. Kesho yake shuka nyekundu, magoti mekundu, na kitenge cheupe cha kwaya kimeharibika.

"Umenipaka ao umenipika?" mama akauliza. "Imebaki chumvi tu."

Nikahamia mafuta meusi ya mbegu za ngazi, zile kokwa za mchikichi, yale tunayopaka watoto. Kila jioni alinyoosha miguu kwenye mkeka, nami nikasugua. Alinisimulia nilivyokuwa mtoto mwenye kiburi, nikamwambia nilikirithi kwake. Sikuwa nimemgusa mama hivyo tangu utotoni, na nilipenda, ingawa sikusema.

"Iko namna gani?"

"Bado inauma, mutoto wangu. Bado kabisa."

Wiki mbili zikawa tano. Kazini walikuwa wakinipigia simu. Nikaanza kununa, nikasema romarini ni majani ya kupikia samaki, basi. Hata hivyo, kila matawi yalipokwisha, nilikuta mengine mabichi mezani. Jirani ameleta, mama alisema.

Siku moja nilikuwa nikirudi kutoka ufukweni na ndakala zangu, wale dagaa wa ziwani. Ayi! Nikamwona mama akishuka njia ya parokia, bila fimbo, akitembea kama mtu aliyechelewa soko, akisalimia watu huku na huku. Kwapani alibeba fungu la romarini.

Hasira zilinipanda. Wiki tano! Kisha nikalitazama lile fungu, nikaelewa alichokwenda kutafuta: jioni nyingine nami mkekani, na machozi yakanitoka palepale njiani. Nikakata kupitia mashamba ya mihogo, polepole, ili afike kabla yangu.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, mguu umenyooshwa, anahema.

"Mama, goti iko namna gani?"

"Bado inauma," akasema, bila kunitazama.

Nikaweka ndakala chini, nikanawa mikono, nikachukua chupa ya mafuta.

"Leta mguu, mama."