Makala Iliyosema Mzee Mwadime Amepona

Sijawahi kuona aibu kama ile ya Makwasinyi, na niliisafiria mwenyewe kutoka Voi, nimevaa shati la pasi.

Mimi ni mtu wa kuuliza (wauguzi wananiita Kwa Nini), na kila makala tuliyosoma pamoja sisi madaktari katika majarida ya upasuaji niliikosoa mpaka bosi wetu akachoka, akaniambia, "Wewe kijana, andika yako tuone." Nikaandika. Mzee Mwadime, mkulima wa Makwasinyi, alitobolewa tumbo na ndovu shambani, tukamshona utumbo, akatoka wodini akitembea mwenyewe, nami nikamalizia kwamba alipona kabisa na kurudi kulima. Jarida likakubali, ila likataka sahihi ya mgonjwa kuridhia kisa chake kichapishwe. Ningempigia simu, lakini kwa simu mtu hukataa kirahisi, nikaona afadhali nimtokee tu, na makala mkononi, ajionee.

Boda iliponishusha nikakuta hema na watu wengi. Nikadhani ni harusi, nikaingia nikitabasamu (ndiyo, nikitabasamu), kitambulisho cha hospitali kikining'inia shingoni, na jamaa mmoja akakiona, akaniketisha mbele karibu na familia, akatangaza, "Hospitali haikutusahau. Karibu daktari, utupe pole."

Hapo ndipo nikaona picha ya Mzee Mwadime mezani, imezungushiwa maua.

Nikasimama. "Nimekuja... kumsalimia Mzee."

"Umechelewa kidogo, daktari," mtu akasema nyuma yangu.

Wawuda, bintiye, ambaye ni mwalimu, alidhani karatasi zangu ni rambirambi, akazichukua, akaruka Kiingereza kingi mpaka mwisho, akawatafsiria watu: "Mgonjwa alipona kabisa, akarudi kulima." Kisha akanigeukia. "Baba alianza homa wiki ya pili baada ya kutoka kwenu. Zahanati wakasema ni malaria. Jembe hakulishika tena. Haya uliambiwa na nani?"

Hakuna aliyeniambia. Kwa Nini mzima, na hilo sikuliuliza.

Nilingoja kufukuzwa, tena nilitamani nifukuzwe, lakini mjane akamgusa binti yake mkono.

"Wawuda, rudia hapo alipopona."

Akarudia. Mama akafumba macho, akasikiliza mpaka neno la mwisho.

Makala niliiondoa. Siku hizi napiga simu kwanza, na siandiki kwamba mtu amepona mpaka nimefika kwake, akaniitikia salamu.