Mwaka Ambao Beseni Halikubebwa

Kwanza tuelewane: Mwinshehe hajawahi kupiga kasia hata siku moja. Yeye ni fundi cherehani, kibanda chake kipo soko la Mwanga, na ukimpandisha kwenye mtumbwi, kabla haujaacha mchanga vizuri ameshaanza kutapika. Lakini yakija mashindano ya mitumbwi kule Ujiji, mwanaume huyu alikuwa hashikiki. Cherehani ilifunikwa khanga, suruali za watu zililala bila pindo, na mwenye haraka zake aliambiwa akashone mwenyewe.

Chombo alichokishangilia, cha Ujiji, kilikuwa Mtajiju. Naam, ndivyo kilivyoandikwa ubavuni, kwa herufi nyekundu za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Ulikuwa mtumbwi wa kazi, wa kuvulia dagaa, una kiraka cha bati upande wa kushoto na tabia ya kulalia upande huo huo. Mpinzani alitoka Mwamgongo, kaskazini huko, akiitwa Tulieni. Huyo alikuwa na pua ndefu iliyoinuka, na rangi ya buluu waliyobakiwa nayo baada ya kupaka kanisa. Hata uwe umesimama mbali vipi, ukitazama ziwani ulijua huyu ni nani na yule ni nani.

Na mashindano hayakufanywa siku yoyote tu. Yalifanywa wakati wa mbalamwezi, mwezi unapong'aa mpaka dagaa hawana habari tena na taa za wavuvi. Siku hizo vyombo hulala ufukweni, nyavu zinashonwa, na vijana hawana la kufanya zaidi ya kutambiana. Mmoja akatupa neno, mwingine akajibu, likatafutwa dumu tupu, likafungiwa jiwe na kuachwa lielee mbali majini pawe mahali pa kugeuzia. Wa kwanza kurudi mchangani kashinda. Hakuna cha ziada.

Mwenzake katika wazimu huu alikuwa Verediana, mama wa Mwamgongo anayeuza dagaa wakavu sokoni hapo hapo, meza yake ikitazamana na cherehani ya Mwinshehe. Wametaniana miaka na miaka, mpaka mgeni akiwasikia hutaka kuwaamua. Yeye na Tulieni yake, kufa kupona. Na walikuwa na sharti lao ambalo soko zima lililijua na kulisubiri: asubuhi baada ya mashindano, aliyeshindwa anabeba mzigo wa mwenzake kichwani na kuzunguka nao soko lote. Akishindwa Mwinshehe, anabeba beseni la dagaa la Verediana. Akishindwa Verediana, anabeba furushi la vitambaa vya Mwinshehe, mkasi juu. Na kila atakayekuuliza njiani, "Vipi, mmefungwa?" ni lazima umjibu kwa sauti ya juu: "Tumefungwa!"

Basi siku moja wakaja watu wa kuboresha. Ee Mola, watu wa kuboresha! Eti mitumbwi ya kazi inanuka. Eti haiko sawa, mmoja mrefu mwingine mfupi, kwa hiyo hakuna haki. Vikaletwa vyombo vya faiba, vyeupe pee, vyote pacha, tofauti yao ni namba ndogo ubavuni. Siku ikahamishiwa sikukuu, uwe mbalamwezi au giza wao hawajali, kwa hiyo wavuvi wenyewe ama wamelala hoi kwa kazi ya usiku, ama wanatengeneza taa za kutokea jioni. Safari moja ya kwenda na kurudi ikakatwa raundi tatu: chombo kinaweza kuongoza mbili za kwanza kikashindwa kwa kale karaundi ka mwisho kafupi, na huyo aliyeshinda hako kamoja ndiye bingwa. Mtu na akili zake akakaa akalifikiria hilo! Na juu ya yote, spika. Mtangazaji alipiga kelele mwanzo hadi mwisho, na ukimsikiliza vizuri ulijua kabisa haoni kitu.

Mwinshehe alijitahidi. Wale wanaosema watu wazima hawapendi mabadiliko waje kwangu niwaambie: mwaka wa kwanza alikwenda, wa pili akaenda. Mwaka wa tatu ndio ule. Alisimama kwenye mchanga na bendera aliyoishona mwenyewe, akaona chombo cha Ujiji kimetangulia, akapagawa. Akarusha kofia. Akaruka, akapiga mayowe, "Wapelekee moto! Wapelekeeee moto!" mpaka koo likakauka. Chombo kilipogusa mchanga, Mwinshehe aliingia majini na viatu vyake, akamkumbatia nahodha, akambusu kichwani. Kumtazama usoni, kumbe ni nahodha wa Mwamgongo.

Ufukwe wote uliangua kicheko. Verediana alikaa chini kabisa, miguu imenyooka, anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Na hilo Mwinshehe angelivumilia. Mtu akizoea utani hafi kwa kuchekwa. Kilichommaliza ni asubuhi yake. Alivuka njia ya sokoni kama kawaida, akainama, akashika beseni. Verediana akamzuia mkono.

"Acha bwana, Fundi. Umetushangilia mwanzo mwisho. Wewe hukufungwa. Jana wewe ulikuwa wetu."

Alisema kwa kucheka, hakuwa na nia mbaya hata chembe. Lakini Mwinshehe alisimama pale na mikono yake mitupu, akaona ni kweli. Hakushinda, kwa sababu Ujiji ilishindwa. Hakushindwa, kwa sababu aliyemshangilia alishinda. Alirudi kwenye cherehani, akakaa, akaanza kushona sare ya shule. Beseni halikubebwa, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Mwaka uliofuata hakwenda. Verediana naye, cha ajabu, hakwenda. Aliyemuuliza Mwinshehe sababu alijibiwa jua kali, au kiingilio, au spika zinamuumiza masikio. Lakini moyoni aliogopa. Alidhani tatizo ni yeye. Kitu alichokipenda tangu yuko kijana kilimtoka kimya kimya, akawa anajiuliza, usiku akijigeuza kitandani, ni kipi kitafuata. Labda cherehani. Labda wajukuu. Labda ndivyo mtu anavyoanza kuzeeka, mwanga mmoja unazimwa, kisha mwingine, na wewe mwenyewe unasema ni jua kali.

Ndipo akaja Wema. Wema ni binti yake wa mwisho, mwenye maneno machache na msimamo mgumu, na mwaka huu wamemfanya katibu wa kamati ya mashindano. Alifika kibandani mchana, akavuta kigoda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huko kwenu wamelala salama?"

"Salama. Baba, nina jambo. Mwaka jana viti vilikuwa vitupu. Waliokuja walimfuata msanii, alipomaliza kuimba wakaondoka, vyombo bado viko majini. Wenzangu wanasema ufukwe ukiwa mtupu tena mwaka huu, mashindano yafutwe kabisa. Sasa wewe ndiye uliyekuwa unanipandisha mabegani kuyatazama. Niambie. Kwa nini mmeacha?"

"Jua," akasema Mwinshehe, anatia uzi kwenye sindano.

"Jua la Kigoma limeanza juzi?"

Ng'ambo ya njia Verediana alicheka mpaka akamwaga kikombe cha kupimia dagaa. "Mbane, mwanangu! Akwambie alivyombusu nahodha wetu!"

Uzi ulikataa kuingia tundu la sindano. Mwinshehe akauweka chini.

"Sijui, Wema," akasema. "Nilipenda, na sasa sipendi. Naangalia vile vyombo naona havinihusu. Labda mimi ndiye nimekwisha."

Kicheko cha Verediana kilikatika. Mama yule aliacha meza yake bila mtu, akavuka njia, akasimama mbele ya cherehani na mikono kiunoni.

"Umekwisha nini? Mbona mimi nami sina hamu, na mimi nimekwisha? Usituzeeshe, Fundi. Kesho funga kibanda hiki. Mbalamwezi imeanza, na Tulieni iko Ujiji, imeletwa kwa fundi kuzibwa. Nataka kwenda kuiona. Twende sote, na Wema aje."

Walikwenda jioni ya siku ya pili, jua limepungua ukali. Ufukwe wa Ujiji ulikuwa umejaa vyombo vilivyolala na wanaume wanaoshona nyavu, na harufu ile ya dagaa, mawese na moshi ambayo Mwinshehe alikuwa ameisahau. Mtajiju ilikuwa palepale, imelalia upande wake. Kando yake, pua juu, Tulieni, nyufa zake zimezibwa upya kwa pamba na mawese. Mwinshehe alikipapasa kile kiraka cha bati, akakifuta mchanga kwa kiganja.

"Loo!" akasema Verediana, anakizunguka chombo cha watu kama mnunuzi. "Bati hili bado lipo? Nilidhani mmeshalifanya sufuria."

"Sufuria ya kuwapikia nyie!" Neno lilimtoka Mwinshehe kabla hajalifikiria.

Vijana wa Mwamgongo waliokuja na Tulieni waliguna. Castory, nahodha wa Mtajiju, aliinua macho kutoka kwenye wavu wake.

"Mzee, hebu rudia. Unasemaje?"

"Nasema hawa na pua yao hiyo hata kwenye dumu hawafiki."

"Weeee!" Verediana akapiga kofi. "Mmesikia, wanangu? Mmesikia mnavyotukanwa?"

Ikawa imetosha. Sijui nani aliyetafuta dumu, sijui nani aliyeogelea nalo. Nyavu zilitupwa chini, vyombo vikasukumwa, mchanga ukalia chini ya mbao. Hapakuwa na king'ora. Mzee mmoja aliyekuwa anakunywa uji alipunga kikombe chake, wakaondoka.

Jamani, Mwinshehe! Mtajiju ililalia kushoto naye akalalia kushoto. Makasia yalishuka naye akashuka magotini, yakapanda naye akapanda. Aliwatukana, akawaombea dua, akamwita Castory kwa jina la mama yake. Alimshika Wema mkono mpaka Wema akasema, "Baba, unaniumiza." Kina mama waliacha samaki waliokuwa wanawaparua, wakaja na visu mkononi. Watoto wa madrasa wakatoka mbio. Na kila mtu alijua anachokiona: ile ya herufi nyekundu ndiyo sisi, ile buluu ndiyo wao, na sisi tuko mbele.

Mtajiju ndiyo iliyotangulia kufika kwenye dumu. Ikageuka. Ikageukia upande wa kiraka, ikalala, ikachota maji, ikapanua mzunguko wake huko mbali, na Tulieni ikapita kwa ndani, pua juu. Kurudi kote Mtajiju ilikuwa inaikaribia, inaikaribia, watu wanalia, na ilipogusa mchanga Tulieni ilikuwa imeshaugusa, kwa urefu wa ile pua yake tu.

Verediana alikimbilia majini na kitenge chake. Mwinshehe alibaki amesimama, jasho linamtoka, sauti hana.

"Pole, baba," akasema Wema.

"Pole ya nini?" Sauti ilikuwa inamkwaruza kama ya bata, lakini uso wake, Wema alisimulia baadaye, ulikuwa uso wa yule mtu aliyempandisha mabegani. "Umeona alivyogeuza? Upande wa kiraka! Miaka yote namwambia Castory, usigeuzie upande wa kiraka! Huyu mtoto hasikii! Tumefungwa, Wema! Tumefungwa kabisa!"

Akacheka mwenyewe, akajikuta anafuta machozi. Hakuwa amekwisha. Kumbe hakuwa amekwisha hata kidogo.

Wema alitazama ule ufukwe uliojaa watu, usio na kiti wala spika, watu wanabishana kwa mikono jinsi dumu lilivyozungukwa. "Nitawaambia kamati," akasema. "Vyombo vyenyewe hivi hivi, na mbalamwezi. Wakikataa, wafute yao, maana haya ya hapa hayana mwenye uwezo wa kuyafuta."

Asubuhi yake soko la Mwanga lilikuwa na watu kuliko kawaida, kwa maana habari ilishafika. Mwinshehe alivuka njia.

"Mwakeye, Fundi," akamwamkia Verediana kwa Kiha, amejaa tabasamu. Beseni alilijaza mpaka likafura, mchokozi yule, kisha akaweka mafungu mawili zaidi juu.

Mwinshehe alikunja khanga akaifanya ngata, akainama, akalipandisha. Akaanza kutembea. Wauza vitumbua walipiga vigelegele. Mafundi wenzake waligonga mikasi mezani.

"Vipi, mmefungwa?"

"Tumefungwa!"

"Hatukusikia! Mmefungwa?"

"Tumefungwaaa!"

Alizunguka upande wa mchele, akapita kwa wauza mawese, akapita mbele ya cherehani yake mwenyewe asiitazame, dagaa wanamdondokea mabegani. Alipofika mezani Verediana alinyoosha mikono kumtua. Mwinshehe akarudi nyuma hatua moja, beseni likiwa limetulia kichwani.

"Subiri kwanza," akasema. "Wale wa upande wa viazi hawajaniuliza."

Akaanza kuzunguka tena.