Sketi ya Banda la Domisiana

Kwa miaka thelathini na ushei kuku wa Domisiana walilala jikoni, kama walivyolala jikoni kwa mama yake, na kila alfajiri kabla ya kuwasha moto alianza kwa kukwangua mavi. Mwaka jana akasema basi. Kikohozi kilikuwa kimemganda kifuani, na mganga wa zahanati alipomuuliza anapikia wapi, aliona haya kujibu. Alirudi nyumbani Murukulazo akatangaza kwamba jiko lake halitalaza tena kitu chenye mabawa.

Domisiana si mtu wa kutangaza jambo akaliacha njiani. Alipigilia misumari mwenyewe kwenye nguzo za mkaratusi, akazungusha wavu, akaezeka bati, chini akaacha wazi bila sakafu, na pembeni akatoa mipini minne kama ya machela. Kila siku ya tatu yeye na mumewe, Pancras, walilinyanyua banda wakalisogeza hatua chache katikati ya migomba. Kuku walichakura na kuacha mbolea, migomba ikanenepa. Pancras, aliyelicheka banda hilo mpaka machozi, akaanza kuliita "banda letu".

Kisha akaja nyegere. Huyo hahangaiki na mlango. Anachimba, anatokea ndani kama mwenye nyumba. Asubuhi moja ya masika walikuta shimo chini ya ukuta na kuku wanne wamekufa.

"Mama Frida, turudishe kuku jikoni," alisema Pancras. "Wazee hawakuwa wajinga."

"Wazee walikohoa, Baba Frida."

Alitafuta vipande vya wavu, akavitandaza chini kulizunguka banda lote, upana wa mkono mzima, ili mnyama akianza kuchimba karibu na ukuta kucha zikutane na waya. Aliuita sketi. Alitaka kwanza aondoe nyasi, lakini Pancras alisimama mbele yake. Nyasi zile alizifyeka mlimani akazibeba kichwani, akazitandaza shambani nene kama godoro, na kwao Ngara mwanamume husifiwa kwa shamba la migomba lisiloonyesha udongo. Domisiana akamwonea huruma, akaitandaza sketi juu ya nyasi, akaishikiza kwa vigingi. Hapo ndipo alipokosea, na anakiri mwenyewe.

Haikupita wiki wakafa wengine wawili. Sketi ilikuwa palepale, vigingi vyote vimesimama. Pancras alikwenda akafungua mlango wa jiko wazi kabisa.

Domisiana alipiga magoti kwenye ukingo wa sketi, akaingiza mkono chini ya wavu. Ukazama ndani ya nyasi zilizooza mpaka kiwiko, bila kukutana na chochote. Nyegere alikuwa ameingilia huko nje ya sketi, akatambaa chini ya nyasi raha mustarehe, na udongo wa chini, kwa unyevu ule, ulichimbika kama ugali. Domisiana alicheka, ingawa machozi yalikuwa karibu.

"Njoo uone, Baba Frida. Nyasi zako zimemfungulia njia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nazing'oa hapa. Akiua tena hata mmoja, nitawabeba wote mwenyewe mpaka jikoni, na sitasema neno."

Alizikwangua mpaka udongo mwekundu ukabaki uchi. Pancras alikaa mbali, mikono kifuani, akitazama jasho lake likirundikwa pembeni, na Domisiana ilimuuma kumwona hivyo. Hakuacha. Alilaza wavu ukashikana na ardhi, akaukaza kwa vigingi vyenye ndoano, pembeni akaweka mawe. Usiku alilala fofofo. Aliyegaagaa kitandani ni Pancras.

Kulipokucha walikuta udongo umeparuliwa mahali panne, karibu kabisa na ukuta. Kila mahali waya ulikuwa umepinda, na kila mahali mchimbaji alikuwa amekata tamaa.

"Wote!" Domisiana alipiga kelele. "Wote kumi na mmoja wazima!"

Jirani yao Anatoli alikuja mbio akidhani kuna msiba. "Shikamoo mama, kuna nini?" Hata marahaba hakuitikiwa, alishikwa mkono akaonyeshwa mikwaruzo mmoja baada ya mwingine. Pancras aliisikiliza hadithi yote, akaingia ndani.

Siku ya tatu, siku ya kuhamisha banda, Domisiana alichelewa kutoka sokoni. Alimkuta mumewe ameinama na jembe mbele ya banda, pale litakaposogezwa, akivuta nyasi kando, akipima upana kwa mkono wake mwenyewe. Katika maisha yao yote hakuwahi kumwona mwanamume yule akifunua udongo wa shamba lake.

Pancras hakuinua uso. "Hapa panatosha, au niongeze?"

Palitosha, tena pakabaki. Lakini Domisiana alitaka kumtazama kidogo zaidi.

"Ongeza," akasema.