Asali na Shubiri Kibarazani kwa Mwajabu

Buguruni ya miaka ya tisini ilikuwa na waamuzi wa kila namna. Ugomvi wa ndoa ulikuwa na wazee wake, ugomvi wa mpaka wa kiwanja ulikuwa na mjumbe wake, na ugomvi wa nani kaimba vizuri na nani kaharibu, hasa ukiwa wa roki au wa hip-hop, ulipelekwa kwa Mwajabu binti Fakihi.

Si kwamba alizaliwa na ndoto hiyo. Wao ni watu wa pwani hasa, na kwao muziki ulikuwa taarabu ya harusini na kaswida za Maulidi, basi. Mwajabu aliolewa Mbagala, ndoa ikamshinda, akarudi kwa mama yake, Bi Hamdiya, na sanduku moja la nguo. Alimkuta kaka yake Anwar, baharia, amerudi kutoka safari ndefu ya Ulaya na redio kaseti kubwa yenye milango miwili, ile inayochukua wimbo kutoka kaseti hii na kuutia kwenye kaseti ile.

"Chukua wewe," Anwar akamwambia. "Mie baharini nitawapigia samaki?"

Mwajabu akaweka meza kwenye kibaraza cha nyumba, akatundika kibao, akaanza kurekodi kaseti za watu. Alianza na taarabu. Lakini kila Anwar aliporudi safari alileta kaseti za huko alikotoka, roki ya magitaa yanayounguruma na hip-hop ya Wamarekani weusi, na vijana wakaanza kumiminika. Kazi ile haina njia ya mkato. Ukitaka kaseti kumi, unausikia wimbo mara kumi, tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanzoni Mwajabu alijiziba masikio kwa upande wa kanga. Baadaye akagundua jambo. Zilikuwapo nyimbo ambazo akiwa anazirekodi kwa mara ya ishirini bado mguu wake ulikuwa unagonga sakafu wenyewe, na nyingine ambazo kwa mara ya tatu tu zilimuumiza kichwa. Hakuwa na maneno ya kitaalamu. Ila sikio lake likawa halidanganyiki tena.

"Huu utauchoka kabla ya mwezi kuandama," alikuwa akimwambia kijana aliyekuja na wimbo mpya. Kijana anabisha, anaondoka nao, na mwezi ukiandama anarudi kuomba arekodiwe mwingine juu yake.

Ndivyo ilivyozaliwa hukumu ya mwaka. Kila ulipokaribia mwezi wa Ramadhani, siku watu wanapovunja jungu kwa kula na kufurahi kabla ya kufunga, Mwajabu alitoa spika zake mbili kibarazani mchana, akaweka mkeka, na vijana wa Buguruni, Temeke, hadi Mabibo, wakaja kuusikiliza mwaka uliopita. Nyimbo zilizozishinda nyingine ziliitwa Asali. Zilizotia aibu ziliitwa Shubiri. Hakuna aliyepewa zawadi wala kutozwa faini, lakini mtu aliyepata Asali kwa Mwajabu alitembea Buguruni kifua mbele kama aliyetoka kufunga goli uwanja wa taifa.

Bi Hamdiya hakuupenda mchezo ule hata kidogo. Alikuwa anabaki uani na chungu chake cha pilau, akinung'unika. "Mabanati wa wenzangu wanauza ubuyu na kashata. Wangu anauza makelele."

Mambo yalichafuka mwanzoni mwa mwaka wa tisini na sita, walipokuwa wakiuhukumu mwaka wa tisini na tano. Mwaka huo vijana wa hapahapa walikuwa wameanza kurekodi vya kwao, na Mwajabu akasema haki ni haki, wapimwe kwa mizani moja na wageni. Shubiri ya kwanza ikamwangukia Apolinari.

Apolinari alikuwa mpiga gitaa kutoka Songea, mtu mzima mwenye nywele ndefu, aliyejifunza gitaa kanisani na kulihamishia kwenye roki. Vidole alikuwa navyo, hilo hakuna aliyelikataa. Lakini wimbo wake ulikuwa na solo ya gitaa isiyo na mwisho, mpaka walioketi mkekani wakaanza kutazamana. Mwajabu akauzima katikati. "Kaka Apolinari," akasema, "hapa umetupiga chenga sote, halafu ukajipiga na mwenyewe."

Watu wakacheka. Apolinari hakucheka.

Shubiri ya pili ikamwendea Badru, kijana wa Temeke aliyekuwa akifokafoka kwa Kiingereza, kofia nyuma mbele, mikono ikikata hewa. Mwajabu alimrudishia mstari mmoja kwenye kaseti, akamwuliza mbele ya watu, "Mdogo wangu, hapo umesema nini?"

Badru akaivuta kofia yake. "Da Mwajabu, hiyo ni... hiyo ni hip-hop bwana. We isikie tu."

"Nimeisikia. Nakuuliza umesema nini."

Kicheko kilichofuata kilimfukuza Badru mpaka kituo cha basi. Naye Apolinari, akifunga mfuko wa gitaa lake, akatamka kwa sauti ya kusikika, "Mwanamke wa kuiba nyimbo za watu kwa kaseti ndiye atakayenifundisha mimi muziki?"

Neno lile lilimchoma Mwajabu. Usiku alikula kidogo. Bi Hamdiya alimtazama, akasema, "Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Ungewaambia faraghani."

"Wamarekani niliwaambia faraghani, mama? Wakipimwa mbele za watu, na sie tupimwe mbele za watu."

"Haya. Wamarekani hawakujui. Hawa wanaijua nyumba yako."

Mwajabu hakubadili hukumu. Miezi ikapita bila Apolinari wala Badru kukanyaga kibarazani. Aliwakosa, hasa Apolinari, ambaye zamani alikuwa akija kumrekebishia nyaya za spika na kukaa mpaka alasiri wakibishana juu ya bendi za Ulaya.

Masika yalipokolea, siku moja mchana, mtu akasimama mlangoni amelifunika gitaa kwa nailoni, yeye mwenyewe amelowa chapachapa. Alikuwa Apolinari.

"Dada," akasema, bado hajaketi, "nimeupiga ule wimbo peke yangu mpaka nimechoka. Niambie ubaya wake uko wapi."

Mwajabu akampa taulo na kikombe cha chai ya tangawizi, kisha akaiweka ile kaseti. "Sikiliza mwanzo. Hizi sauti tatu za kwanza ni kama mtu anabisha hodi. Nzuri sana. Nilipozisikia mara ya kwanza nilitaka kuinuka nikafungue mlango. Halafu wewe mwenyewe ukajijibu karibu, ukaingia, ukakaa, ukala, ukaondoka. Sie tuliobaki nje je?"

Apolinari akalifunua gitaa. Mvua ikapiga mabati. "Kwa hiyo nimwachie nani ajibu?"

"Mtu mwenye neno la kusema."

Siku ya pili Mwajabu akajifunga kanga akaenda Temeke kumtafuta Badru. Alimkuta kwao amenuna, na akamwamkia mama yake kwanza, maana nyumba huingiwa kwa adabu. Yule mama alikuwa amerudi bombani muda huohuo, ndoo kichwani. Alipoambiwa Badru anaitwa Buguruni, akasema, "Mchukue! Hapa ananipigia domo la Kizungu na maji hachoti."

Kuwakalisha pamoja wale wawili ilikuwa kama kumweka paka na chui kwenye tenga moja. Apolinari aliona kufokafoka si muziki, ni ugomvi. Badru aliona roki ni ya wazungu na watu wa kwaya. Walikaa ncha mbili za mkeka, kila mmoja akimtazama Mwajabu kana kwamba ndiye aliyemkosea.

"Badru," Mwajabu akasema, "acha kuimba. Nisimulie tu. Leo asubuhi kwenu kulikuwaje?"

"Kulikuwaje nini? Kama kawaida. Maji hakuna." Akasita. Kisha kikamtoka. "Mama anaamkaga hata muadhini hajaamka, anapanga ndoo foleni, anakuja mtu na mkokoteni wa madumu, anapita mbele kisa anajuana na mwenye bomba. Mama ukimwuliza anasema wacha mwanangu, tutapata. Tutapata! Jana tulipata? Kipindupindu kikija ndo wanakuja na magari na vipaza sauti, chemsheni maji, chemsheni maji. Tuchemshe yepi? Ndoo tupu tunachemshaje?"

Alikuwa anasema kwa kasi ileile aliyokuwa akiitumia kwa Kiingereza, lakini safari hii macho yake yalikuwa yamewaka. Na kabla hajamaliza, Apolinari alikuwa ameshalivuta gitaa magotini. Akabisha hodi zile tatu. Akanyamaza. Badru akamtazama, akarudia, "Ndoo tupu tunachemshaje?" Hodi tena. Kimya.

Mwajabu alijua palepale. Mguu wake ulikuwa unagonga sakafu.

Walirudi kila alasiri. Waligombana, mmoja akaondoka na viatu mkononi akarudi kesho yake. Apolinari alijifunza kuacha, jambo lililokuwa gumu kwake kuliko kupiga. Badru alijifunza kupumua. Mwisho wakaurekodi humohumo kwenye redio ya Anwar, kwa kipaza sauti kilichofungwa kwenye mpini wa ufagio, na jogoo wa jirani anasikika kwa mbali. Wakauita "Ndoo Tupu".

Katikati ya furaha hiyo, Mwajabu naye alipatwa na majaribu. Alijiambia, kama hawa wameweza, mie nishindweje? Akarekodi tangazo la kibaraza chake, akifokafoka mwenyewe, akalazimisha vina vya "kaseti" na "keti" na "biskuti", akalitia mwanzoni mwa kila kaseti aliyouza. Buguruni nzima ililisikia. Hakuna aliyethubutu kusema kitu.

Januari ikaingia, Ramadhani ikabisha hodi, na siku ya hukumu ikafika. Watu walijaa mpaka barabarani. Umeme ulikuwa wa mgao, kwa hiyo spika ziliunganishwa na betri ya gari. Walianza na Shubiri, kama desturi, na Mwajabu alipouliza nani ana pendekezo, Apolinari akasimama taratibu.

"Mimi ninalo," akasema. "Liko mwanzoni mwa kaseti zote za mwaka huu."

Mtu akaguna, mwingine akapasuka kwa kicheko, na kibaraza kizima kikalipuka. "Biskuti! Biskuti!" Mwajabu alihisi uso unawaka moto. Angeweza kukataa, kaseti ni zake na spika ni zake. Badala yake akaiweka kaseti, akaongeza sauti, akaliacha tangazo liende mpaka mwisho bila kulikata, huku amesimama wima katikati ya watu. Lilipoisha akasema, "Shubiri ya mwaka, kwa haki kabisa. Nami nimeisikia mara nyingi kuliko nyie, kwa hiyo nionewe huruma."

Makofi aliyopigiwa hapo yalikuwa makubwa kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kupata Asali. Apolinari alimpa mkono, na safari hii alikuwa anacheka.

Zikabaki nyimbo tatu za kugombea Asali: mmoja wa roki ya Ulaya, mmoja wa hip-hop ya Marekani, na "Ndoo Tupu". Mwajabu akakaa chini. "Hapa mie siamui," akasema. "Huu wa tatu nimeuona unazaliwa. Mkunga hasemi mtoto wa nani mzuri. Chagueni mwamuzi mwingine."

Watu wakatazamana. Ndipo sauti kutoka nyuma ikasema, "Bi Hamdiya!" Ilianza kama mzaha, lakini wote wakaidaka, na Bi Hamdiya akatolewa uani na mwiko wake mkononi, akiapa kwamba hajui kitu. Akakalishwa kwenye kiti. "Shikamoo bibi," wakamwamkia kwa pamoja. "Marahaba. Haya, pigeni, pilau langu linaungua."

Akasikiliza wa kwanza uso hauna habari. Wa pili vilevile. Ukaja wa tatu. Hodi, kimya, kisha sauti ya Badru. Mwiko ukashuka mapajani. Wimbo ulipofika pale mama anaposema wacha mwanangu, tutapata, Bi Hamdiya aliinamisha kichwa, naye amechota maji maisha yake yote.

Wimbo ulipokwisha Bi Hamdiya akauinua mwiko. "Hao wawili wa mwanzo," akasema, "wanagombana, lakini sijui wanagombana na nani. Huyu namjua anayegombana naye. Mpeni asali yake."

Badru alibebwa juujuu mpaka mtaa wa tatu. Apolinari alibaki ameketi, gitaa kifuani, akijifuta macho kwa kiganja na kusingizia moshi wa pilau. Mwajabu alimtazama mama yake anavyorudi uani, mgongo umenyooka, akatamani Anwar angekuwapo badala ya kuwa baharini.

"Ndoo Tupu" ulipigwa redioni mwaka huo, ukatoka Buguruni na kufika mitaa ya wenye nazo. Mwajabu aliusikia harusini Msasani, ukitoka dirishani kwa watu asiowajua, na akamwambia jirani aliyekaa naye jamvini, "Huo umezaliwa kibarazani kwetu. Huyo jogoo unayemsikia ni wa jirani yetu, Mama Tekla." Yule mwanamke alidhani anatania.

Hawakutajirika. Mwaka uliofuata Badru na Apolinari walitoa wimbo mwingine, wakaongeza vinanda na waitikiaji, na ukawa mzito usiobebeka. Mwajabu hakuwahurumia, aliutia Shubiri mchana kweupe. Lakini safari hiyo Badru mwenyewe alichukua kipaza sauti akautangaza, akaeleza umeharibika wapi na wapi, mstari kwa mstari, huku Apolinari akiitikia "kweli kabisa" kila baada ya kosa. Kisha wote wawili wakaketi mkekani, wakavuta sinia la pilau la Bi Hamdiya, na wakaanza kubishana na Mwajabu kama roki ya mwaka ule ilistahili Asali au la.