Mananasi Yaliyooza Kiberege

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Mashamba wa kampuni ya mananasi alinikabidhi panga, glovu za turubai na shamba la mfano pale Kiberege, bonde la Kilombero. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa bibi shamba mwenye cheti kipya, na sikuwahi kupanda nanasi hata moja. Meneja alikuwa amelima mananasi visiwani, nchi za mbali, nusu ya umri wake. Alisema kule kilimo hicho kilistawi mpaka hoteli zilipoichukua ardhi na kampuni zikahamia penye vibarua wa malipo madogo. Vibarua hao tulikuwa sisi, wala sikuling'amua hilo.

Kazi alinifundisha vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Nilijifunza kuchagua machipukizi, yaani miche inayoota ubavuni mwa mmea mama, na kuyaanika siku chache ili yasioze ardhini. Nikajifunza kuchochea maua: unamimina kikombe cha dawa katikati ya kila mmea, shamba zima linachanua pamoja, na miezi sita baadaye linaiva pamoja.

Miaka ya mwanzo malori yalikuja na kuondoka yamejaa. Nikapandishwa cheo kuwa Msimamizi wa Wakulima wa Nje, wale waliolima mashamba yao wenyewe na kuiuzia kampuni. Mama Anselma, mjane, alikuwa na shamba la mahindi kando ya barabara. Nilikaa kwake asubuhi tatu nikimshawishi, mpaka akalipanda lote mananasi.

Kisha makao makuu yakataka mzigo mkubwa kwa mkupuo. Meneja akaamuru mashamba yote yachochewe Septemba. Nilimwambia yataiva Machi, wakati wa masika, na barabara ya Kidatu wanayopita malori wakati huo ni tope tupu.

"Bibi Shamba, wewe shughulika na mimea," alinijibu. "Barabara niachie mimi."

Machi maji yalikata barabara. Hakuna lori lililofika. Mananasi yaliiva yote, yakapasuka, yakatoa povu, na kijiji kizima kikanuka pombe. Meneja akaniletea ripoti iliyosema wakulima hawakufuata maelekezo. Niliogopa kufukuzwa. Nikasaini.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia Mama Anselma kuwa nimeisaini. Nilimkuta aking'oa mimea kwa jembe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hapa ulikaa asubuhi tatu ili nipande," alisema. "Huko ofisini ulikaa dakika ngapi kunitetea?"

Baadaye kampuni ilifungwa, Meneja akapewa cheo kikubwa zaidi kwingine, nami nikaajiriwa serikalini, nikapelekwa Lupiro kusimamia mpunga hadi nilipostaafu.

Nimesikia mengi tangu hapo kuhusu mananasi yale: eti udongo wetu haufai, eti watu wa Kilombero ni wavivu. Juzi nilialikwa kwenye mkutano wa wastaafu wa kilimo, Ifakara. Afisa kijana akasoma ripoti ileile mbele ya watu, kama somo la kwa nini wakulima wetu hushindwa. Nilisimama.

"Saini iliyo chini ya maneno hayo ni yangu," nikasema, "na maneno hayo ni uongo."

Mwenyekiti aliniomba niketi, tuendelee na ratiba. Sikuketi. Nilianza kuwasimulia kuanzia ile Septemba, nikamtaja Mama Anselma kwa jina.