Siku za Chakula Katika Grafu Yangu

Mjukuu wangu anayefundisha Kahororo huandika mistari michache kwenye kompyuta, akabonyeza, na papo hapo majedwali na grafu za kufundishia wanafunzi wake zinatokea zimeshapakwa rangi. Kisha ananitazama kwa huruma. "Bibi, nyinyi mlifanyaje?" Tulifanyaje! Kompyuta yangu mimi ilikuwa darasa la saba zima, nayo ilikuwa inakohoa, inasukumana, na kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Nazungumzia miaka ya ujamaa, nikiwa mwalimu mpya upande wa Nshamba, kwetu Uhayani. Vitabu vya hesabu havikutosha, nasi tuliambiwa tujitegemee, yaani tusiulize. Basi kurasa za somo la takwimu nilizitengeneza mwenyewe. Ubaoni niliandika amri, moja chini ya nyingine: uliza swali, pokea jibu, tia punje ya kahawa kwenye kopo la jibu hilo, hesabu punje, paka rangi mraba mmoja kwa kila punje. Watoto walizifuata amri zile bila kuongeza wala kupunguza, na kipindi kikiisha grafu ya nguzo imesimama kwenye karatasi. Mimi nainakili kwenye stensili, naipeleka kwenye mashine ya kurudufu ya misheni, narudi na vidole vyeusi. Nilijiona mtu kweli kweli, msinione hivi.

Ubaya wa mashine ya aina hiyo ni kwamba inafanya ulichosema.

Mwaka ule nilikuwa bado kwenye majaribio. Mkaguzi akiridhika, ningethibitishwa kazini na kubaki karibu na mama yangu, ambaye macho yalikuwa yanamwishia. Asiporidhika, ningepelekwa atakako yeye. Nilimwogopa mkaguzi yule kabla hata hajafika. Kwa hiyo nikachagua swali la maisha halisi ya kijijini, kama miongozo ilivyotaka: "Wiki iliyopita, kwenu mlikula chakula siku ngapi?"

Msicheke bado. Msimu ule wadudu walikuwa wameishambulia migomba, ndizi zikawa haba. Grafu ikatoka safi: nguzo za siku mbili na siku tatu zimepanda, ile ya siku saba imechuchumaa pembeni. Nikaona mistari imenyooka, nikaibandika ukutani. Mwalimu mkuu aliitazama, hakuona ajabu. Mwenyekiti wa kijiji alipita kuhakikisha ukuta umepakwa chokaa, naye hakuona ajabu. Sote Wahaya.

Mkaguzi alikuwa mtu wa Tanga. Alisimama mbele ya grafu akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwalimu, hapa watu hawali?"

"Wanakula, ndugu mkaguzi."

"Grafu yako inasema zaidi ya nusu ya wiki hakuna chakula kijiji kizima. Na huko wilayani tunasomewa taarifa za shibe!"

Mwenyekiti, aliyekuwa amemsindikiza, alinikata jicho. Mkaguzi akamgeukia mtoto mmoja. "Jana kwenu mlikula chakula?"

"Hapana."

"Mlikula nini?"

"Ugali na dagaa."

Akamwuliza wa pili. Kwao nako walikosa chakula, wakala viazi na maharage. Ebo! Hapo ndipo nilipong'amua tulichofanya. Ikabidi nimweleze mgeni kwamba kwetu chakula ni ebitoke, ndizi za kupika, na vingine vyote ni vya kusogezea siku. Mtu anaweza kushiba ugali hadi aheme juu juu, na bado kesho akalalamika kwamba alilala bila chakula.

Mkaguzi alicheka mpaka akatoa leso. Mwenyekiti alicheka kumpita, maana roho ilikuwa imemrudia. Mchezo ukamnogea mkaguzi, akawa anapita dawati kwa dawati, na watoto wakaanza kucheka kabla ya jibu.

Akamfikia msichana wa mbele, ambaye mama yake alikuwa mjane na mgonjwa. "Na wewe?"

"Tulikosa chakula."

"Haya, tuambie. Mkala nini?"

"Maji ya moto na chumvi."

Wawili watatu walicheka, kwa kuwa walishaanza. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Punje yake ilikuwa kwenye kopo moja na za walioshiba viazi.

Mkaguzi alikohoa. Akaniambia nirekebishe swali: kila mtoto aseme jana walikula nini, ndizi, viazi, mihogo au ugali. Kurasa mpya zikiwa tayari, atanithibitisha.

"Na huyu nimweke wapi?" nikauliza.

"Huyo mmoja tu, mwalimu," mwenyekiti akadakia. "Ataharibu mchoro."

"Nguzo ya mtu mmoja haionekani kwa mbali," mkaguzi akasema. "Iache."

Nikaandika amri upya ubaoni, watoto wakahesabu upya, na pembeni mwa ugali nikaongeza nguzo ya mraba mmoja: Hatukula. Nikairudufu hivyo hivyo, nikampa mkaguzi nakala yake, na nyingine zikaenda shule za jirani. Aliikunja akaitia mkobani. Barua ya kunithibitisha haikuja mwaka ule. Nililia. Mama akaniita mjinga, halafu akaniambia nisogee karibu anione vizuri.

Aliyekosa usingizi ni mwenyekiti. Alikuja shuleni akitaka niufute mraba ule, eti unaaibisha kijiji.

"Jibu likibadilika nitaufuta," nikamwambia.

Basi mwenyekiti akafunga mkungu wa ndizi kutoka shamba la kijiji nyuma ya baiskeli yake, akaupeleka kwa yule mjane, njia nzima akinisema kwa kila aliyekutana naye. Si huruma ile. Alitaka tu grafu yangu iwe ya uongo. Na wiki iliyofuata akapeleka mwingine.

Jumatatu nikauliza tena swali lile jipya, jana walikula nini. Yule msichana alisimama kabla sijamfikia.

"Mwalimu, jana tulikula chakula."

Hakuna aliyemwuliza chakula gani. Niligeukia ubao nikaandika sijui nini, nikafuta, nikaandika tena, maana sikutaka darasa linione.