Spika Zisizosikika Barabarani

Juzi, katika duka moja la redio na televisheni hapa Busia mpakani, nilimkuta bwana mmoja akichagua spika za kuunganisha na televisheni na video yake ya nyumbani. Mwenye duka alimwekea mbili kubwa, akafungulia muziki mpaka vioo vya kabati vikatetemeka.

"Boss, na hizi hata watu wa Uganda watacheza."

"Hao ndio sitaki wasikie," bwana akajibu, akipunguza sauti mwenyewe. Mtaani kwao nyumba mbili zilikuwa zimevunjwa na wezi mwezi huo, na zote zilijulikana kwa muziki.

Basi akamtuma mkewe, aliyekuja naye, asimame ng'ambo ya barabara. Spika zikiwashwa, mama anatega sikio. Akizisikia, anainua mkono. Kila mkono ulipopanda, bwana alipangusa jasho na kusema, "Toa hizi. Leta ndogo." Zilipopigwa za nne, mama akabaki mikono chini. Bwana akalipa, akaomba zitiwe kwenye gunia, "zikae kama mahindi."

Nilitoka nyuma yake. Vijana wa boda boda walikuwa wamejipanga na baiskeli zao pale pale kando ya mama, wakitazama mambo yote. Mmoja akasogea.

"Mzee, leta hizo spika nifunge kwa keria. Kwenu napajua."

Mimi nilikuwa nimeingia kuulizia redio kaseti. Nilirudi ndani, nikanunua balbu moja tu, nikaishika juu kila mtu aione, nikaenda nyumbani kwa miguu.